Kumtembeza Mbwa Mchana Kweupe

Swali lililoninyima usingizi kwa siku nne mfululizo halikuwa kubwa. Halikuhusu Mungu, wala ndoa, wala serikali, ambayo miaka hiyo ya tisini ilikuwa imepunguza sana kuajiri walimu. Lilikuwa hili: je, mtu mwenye digrii anaweza kuonekana barabarani, mchana kweupe, akimtembeza mbwa kwa kamba, na mbwa mwenyewe haendi popote?

Nililigeuza kila upande. Kama ningekuwa askari, sawa. Askari wana mbwa wao na wanajulikana. Kama ningekuwa Mzungu, sawa pia, hakuna ambaye angeshangaa. Lakini mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na nne, mzaliwa wa hapo hapo kando ya mji wa Embu, niliyeombewa kanisani kabla ya kila mtihani, na siku niliyofuzu walichinjwa mbuzi wawili. Watu waliokula mbuzi wale walikuwa bado hai. Walikaa kando ya barabara hiyo hiyo.

Mbwa alikuwa wa nyanya yangu, mzaa mama, ambaye sote tulimwita Cucu. Rangi yake ilikuwa ya chai yenye maziwa mengi, sikio moja limesimama na la pili limelala, na jina lake lilikuwa lile la nusu ya mbwa wa mtaa: ukiliita kwa sauti kubwa walikuja wanne. Mimi nilikuwa nimerudi kwa Cucu baada ya yunivasiti, nikingoja barua ya kazi. Nilikuwa nimefika Meru mara mbili kuulizia nafasi ya kufundisha, na mara zote mbili nikaambiwa nirudi nyumbani, nitaitwa. Kila niliyekutana naye aliniuliza kama nimeitwa. Mbwa yule peke yake ndiye aliyenifurahia kila asubuhi bila kuniuliza.

Taabu yake ilikuwa kubweka. Alimbwekea ng'ombe wa jirani, baiskeli, kuku wetu wenyewe, jani la mgomba likitikiswa na upepo. Aliibwekea mvua ikianza, na akaibwekea tena ikikoma, kana kwamba alitaka maelezo. Usiku, cha ajabu, alilala fofofo. Alikuwa amechoshwa na kazi ya mchana.

Sisi tulikuwa tumezoea. Halafu nyumba iliyopakana na yetu ikapata mpangaji, muuguzi wa hospitali aliyekuwa zamu ya usiku, dada mpole mwenye miaka thelathini na kitu hivi. Alilala mchana, au tuseme alijaribu. Kati ya dirisha lake na kibanda cha mbwa palikuwa na ua wa kayaba wenye miiba na hatua kumi na tano. Nilizihesabu baadaye, kwa sababu mimi huhesabu vitu nikiwa na wasiwasi.

Kila Jumapili alasiri muuguzi huyu alikuja na kifaa chake kumpima Cucu presha, bure kabisa, kisha akanywa chai. Jumapili hiyo alimaliza kupima, akakunja ule mkanda wa mkononi polepole.

"Cucu, presha yako iko sawa," alisema. "Sasa tuulizie yangu."

Cucu akamuuliza ana nini.

"Usingizi ndio sina. Ijumaa nilifika kazini na viatu visivyofanana. Kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Mgonjwa ndiye aliyeniambia."

Cucu alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaona kwamba mgeni wake hacheki. Muuguzi akasema, kwa sauti ya upole isiyo na lawama hata kidogo, kwamba ameanza kutafuta nyumba upande wa pili wa mji. Hakumtaja mbwa. Mbwa alijitaja mwenyewe, kwa sababu wakati huo huo alikuwa akimbwekea kipepeo.

Kufikia jioni Cucu alikuwa ameamua. Alhamisi ya tatu ilikuwa siku ya soko ambayo kaka yake angepanda kutoka nchi kavu ya chini, anakofuga mbuzi, na akiteremka angeteremka na mbwa.

"Mtu wa kunipima presha ni huyu mmoja," alisema. "Mbwa nitatafuta mwingine, mwenye maneno machache."

Kaka yake huyo tulimwita Guka. Alikuwa mzee mwembamba mwenye vicheko vya ghafla, na kila alipokuja aliomba mbwa wa kulinda mbuzi wake dhidi ya fisi. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amechukua mbwa mwingine kwa jirani. Nilipomuuliza alikuwa anaendeleaje, Guka alifikiri kidogo, akaniambia kwamba huko kwake mbwa hawazeeki. Kisha akaomba chai iongezwe.

Kwa hiyo nilikuwa na siku kumi na nane. Nilimuuliza Cucu, mbwa akinyamaza, atabaki? Akasema mbwa huyo akinyamaza, yeye mwenyewe atamnunulia nyama. Alisema hivyo kama mtu anayeahidi kitu anachojua hatakitoa kamwe.

Majirani walinipa ushauri mwingi. Mmoja alisema nimtie pilipili kwenye chakula. Mwingine alisema nimfukizie moshi wa samadi. Wa tatu, mzee wa kanisa aliyeheshimika sana, alisema mbwa aonyeshwe kioo wakati anabweka, ajionee mdomo wake unavyokaa, aone haya. Nakiri kwamba hili la kioo nililifikiria siku nzima.

Mwishowe nilifanya nilichofundishwa. Nilinunua daftari, nikapiga mistari kwa rula: saa, kilichopita, dakika alizobweka, na kilichotokea baadaye. Safu hiyo ya mwisho niliiongeza kwa sababu ya wasiwasi tu, nisije nikaacha jambo. Nikaweka kigoda kando ya ghala, nikakaa hapo siku tatu, Cucu akipita na kupita na ndoo, akinitazama kama anayehesabu karo aliyolipa.

Na ile safu ya wasiwasi ndiyo iliyonifungua macho. Kila mstari ulisema jambo moja: ameondoka. Mwenye baiskeli, ameondoka. Wanawake wenye magunia ya kahawa, wameondoka. Njia iliyopita kando ya ua wetu ilielekea kwenye kiwanda cha kahawa na mtoni, kwa hiyo kila aliyekuja alikuwa anapita tu. Lakini mbwa hakulijua hilo. Kwa hesabu yake, alikuwa amefukuza lori la saruji, shule nzima ya msingi, na mchungaji. Hakuwa ameshindwa hata mara moja tangu azaliwe. Nani angeacha kazi ya namna hiyo? Mimi, niliyekuwa sijafanikiwa kwa lolote kwa miezi minane, nilimuonea wivu.

Kulikuwa na jambo jingine. Mara nyingi mbwa alianza kuchoka baada ya dakika mbili tatu, sauti ikaregea. Ndipo Cucu alipopaza sauti kutoka jikoni, "Nyamaza wewe!" na mbwa akapata nguvu mpya. Nilifuatisha mstari kwa mstari na hapakuwa na shaka. Mbwa alimsikia Cucu kama mwenzake kazini. Walikuwa wawili, mmoja nje na mmoja jikoni, wakisaidiana.

Nilitafuta maneno jioni nzima. Hakuna namna ya heshima ya kumwambia nyanya yako kwamba anabweka. Nilimweleza kwa kuzunguka, nikasema kwamba mnyama akisikia sauti ya mwenye nyumba huona ameungwa mkono. Cucu alisikiliza hadi mwisho huku akichambua maharagwe.

"Kwa hiyo na mimi nipelekwe kwa Guka?" akauliza.

Lakini alikubali kujaribu. Tangu siku hiyo, mbwa akianza, Cucu aliuma ncha ya leso yake na kukaza macho, na ukimwona ungedhani anang'olewa jino. Mimi nilitundika magunia upande wa kibanda unaotazama njia, ili mbwa asione kila anayepita. Na kila aliponyamaza mwenyewe, hata kama ni kwa kuvuta pumzi tu, nilimtupia kipande cha ukoko wa ugali. Siku za kwanza alishangaa. Baadaye nikaona anabweka mara mbili, anasimama, ananitazama. Kubweka kwa asubuhi nzima kukawa kubweka kwa nusu asubuhi. Muuguzi aliniambia juu ya ua kwamba amelala saa mbili mfululizo na hata ameota ndoto. Ameota mbwa, lakini ameota.

Nusu haikutosha. Saa mbili si usingizi wa mtu anayekesha na wagonjwa.

Jumatatu ya pili alikuja yule tuliyemwita daktari wa ng'ombe, kijana wa idara ya mifugo mwenye pikipiki, kuangalia kiwele cha ng'ombe wetu kilichovimba. Alipomaliza nilimwonyesha daftari langu. Alilipekua kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Mwalimu," alisema, maana watu wote waliniita mwalimu ingawa sikuwa na shule, "umeandika dakika anazobweka. Anazotembea umeandika wapi?"

Sikuwa nimeandika kwa sababu hazikuwepo. Kwetu mbwa hufungiwa kibandani alfajiri na kufunguliwa jioni. Kila mtu anajua sababu: mbwa akizoea mwanga na watu, ukali unamtoka. Nilimweleza hivyo. Akaniuliza, na huyu wako ni mkali? Nikasema hapana, usiku hulala. Akacheka.

"Mtembeze saa moja kila asubuhi. Mbwa huyu hana kazi, ndiyo maana ameitafuta kwa mdomo. Akirudi atalala."

"Nimtembeze niende naye wapi?"

"Popote. Halafu mrudi."

Akawasha pikipiki yake akaenda zake, akaniachia maneno mazito kuliko yote niliyosikia yunivasiti. Popote, halafu mrudi. Kwetu mbwa hutolewa barabarani kwa kamba kwa sababu moja tu, nayo ni sindano ya kichaa cha mbwa. Chifu hutangaza, mchungaji hurudia kanisani, na siku hiyo utaona mbwa wanakokotwa hadi kwenye kambi ya chifu. Siku nyingine zote mbwa akitaka kwenda mahali anajipeleka, tena usiku. Mtu akikuona na mbwa kwenye kamba na si siku ya sindano, ataanza kukutafutia ndugu wa kukushika.

Hapo ndipo zilipoanza zile siku nne. Niliwaza kwamba watasema vitabu vimenigeuza kichwa. Niliwaza kwamba ofisa wa elimu atapita na gari lake, ataniona, na atakata jina langu kwa kalamu nyekundu. Niliwaza hata juu ya mume ambaye sikuwa naye, jinsi dada zake wangeambiwa. Siku ya nne nikadhani nimepata ujanja: nitamtembeza alfajiri, katikati ya mashamba ya kahawa, tusionekane. Nilisahau kwamba ulikuwa msimu wa kuchuma. Mtu anayejificha kwenye kahawa ya wengine alfajiri hana jina lingine ila mwizi. Mlinzi wa jirani alituzukia kati ya mistari ameshika panga. Alipoona ni mimi aliona haya kuliko mimi, akanisindikiza hadi mpakani akirudia kwamba hatamwambia mtu, hadi nikaanza kujiuliza kama kweli sikuwa nimeiba.

Basi ikabaki barabara.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, nilivaa ile nguo niliyoivaa Meru kuulizia kazi, ili angalau nionekane nina shughuli. Nilichukua kamba ya katani. Nikatia daftari langu kwapani, kwa sababu mtu mwenye daftari hatiliwi shaka upesi. Cucu alikuwa ameenda kukama, na sikumwambia kitu. Nikafungua geti.

Sijui niseme nini juu ya furaha ya mbwa yule. Aliwakuta wote aliowafukuza. Walikuwa hai, tena wengi, na walinukia vizuri. Lile lori la saruji lilikuwa limeegeshwa kando ya duka la vifaa, naye akanusa tairi lake kwa heshima ya mtu anayekutana na adui wa zamani mazishini. Alinivuta kushoto, akanivuta kulia, viatu vyangu vya kuulizia kazi vikajaa vumbi jekundu, nami nikajikuta nacheka peke yangu. Hakubweka hata mara moja. Hakuwa na nafasi.

Kwenye kona ya kwanza alikaa mama mmoja aliyeuza ndizi. Alikuwa mmoja wa wale waliokula mbuzi wangu.

"Mwalimu," aliniita, "kwani leo ni sindano?"

Nilikuwa nimeandaa majibu manne. Moja lilihusu afya ya wanyama kwa jumla. Hakuna hata moja lililokuja. Mdomo wangu ulisema, "Ee."

"Kwa chifu?"

"Ee."

Akainuka palepale, akafunika ndizi kwa gunia, akaenda kumleta mbwa wake.

Nilitembea hatua chache kabla sijaelewa nilichofanya. Sindano hiyo haikuwa jambo la mchezo. Kichaa kikitokea, mbwa asiye na cheti angeweza kupigwa risasi, na akiona wenzake wanaenda, hakuna aliyetaka kuachwa nyuma. Nikasikia geti moja likifunguka, halafu la pili, halafu mlio wa kamba ya ng'ombe ikifunguliwa. Mtu aliuliza mbona haikutangazwa kanisani. Sauti nyingine ikamjibu kwamba huoni huyo wa yunivasiti amevaa vizuri, tena amebeba rejista? Huyo ametumwa.

Nilipofika kwenye njia panda nilikuwa na mbwa saba nyuma yangu. Nilipofika kwenye kinu cha kusaga mahindi, niliacha kuhesabu. Walikuja kwa kamba za ng'ombe, kwa mikanda ya suruali, mmoja kwa tai ya kanisani. Mmoja alikataa kutembea, akaletwa kwenye wilbaro, amekaa wima kama mbunge. Kelele ilikuwa ya kutisha. Niliwaza kurudi nyumbani, lakini ningegeuka, wote wangegeuka na kuuliza. Mahali pekee pa kwenda palikuwa mbele, na mbele palikuwa kambi ya chifu, ambako hapakuwa na sindano. Na bado, Mungu anisamehe, nilikuwa nauma midomo nisicheke. Katika msafara ule wote mbwa aliyekuwa kimya alikuwa wangu. Aligeuka mara kwa mara kuwatazama wenzake, kama mgeni kutoka mji mkubwa.

Chifu hakuwepo. Askari wake alituona akaingia ndani na kufunga mlango. Lakini barazani alikaa yule daktari wa ng'ombe, mkate mkono mmoja na kikombe cha chai mkono wa pili, akingoja kusainiwa karatasi fulani. Alitazama uwanja ukijaa. Kisha akaniona mbele, na nguo yangu ya kuulizia kazi.

Nikamsogelea hadi sikioni.

"Waliniuliza kama ni sindano," nilinong'ona, "nikasema ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliona haya kusema tunatembea."

Alitafuna kwanza, akameza. Akaniambia kwamba kila mwaka, baada ya siku ya sindano, huzunguka siku tatu akiwabembeleza waliobaki walete mbwa, na wengi wao huwaficha au husema wamekimbia. Dawa ya mwaka huo ilikuwa tayari, kwenye friji ya zahanati iliyo nyuma ya kambi. Alikuwa aanze Jumatatu ijayo, baada ya tangazo.

"Panga foleni, Mwalimu," alisema akiweka kikombe chini. "Si una rejista?"

Basi niligeuza daftari langu la kubweka upande wa pili, nikapiga mistari mipya, nikaandika mbwa hadi saa sita. Jina la mwenye mbwa, rangi, jina la mbwa. Jina la mbwa wangu niliandika mara nyingi hadi nikaanza kuweka alama ya vivyo hivyo chini yake. Kila mtu alipoita mbwa wake, nusu ya foleni ilisogea. Wangu alichomwa wa kwanza na akapata cheti chenye muhuri. Watu walinishukuru. Yule mama wa ndizi alinipa kichane kizima na kuniambia kwamba sasa wameona faida ya kusomesha wasichana. Nilikipokea kwa mikono miwili nikiwa sijui nitazame wapi.

Tulirudi nyumbani, mbwa akalala. Alilala mchana wote, miguu minne upande mmoja, watu wakipita njiani na sikio lake lililosimama likiwa limelala pia. Siku ya pili bado alikuwa mchovu na mtulivu. Jumapili muuguzi alikuja kumpima Cucu, na kabla ya kukaa aliinua mguu mmoja, halafu wa pili, akamwonyesha viatu vyake. Vyote vilikuwa vyeusi. Cucu alipiga makofi.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi hadi nilipoona mtego. Mbwa wangu alikuwa na cheti. Mbwa mwenye cheti hawezi kupelekwa sindano tena hadi mwaka upite, na mtaa mzima ulijua ana cheti, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwandika wa kwanza mbele yao. Uongo wangu ulikuwa umetimia, na kwa kutimia ulikuwa umekwisha. Sikuwa na mwingine.

Kwa hiyo Jumatatu sikutoka. Jumanne sikutoka. Mbwa, ambaye sasa alikuwa ameiona dunia, alirudishwa kwenye kibanda chenye magunia, na alibweka kwa sauti ya mtu anayejua kabisa anachokosa. Ukoko haukumtosha. Cucu aliuma leso, akaiuma tena, kufikia Jumatano akaitema. Mchana huo nilimwona muuguzi akitundika blanketi dirishani mwake. Hakutazama upande wetu. Jioni Cucu aliosha ile sufuria kubwa ya githeri, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya soko na Guka huja na njaa.

Nililala nikiwaza, kama kawaida, lakini safari hii mawazo yalikuwa machache. Kwa miezi minane nilikuwa naulizwa kama nimeitwa, na kila siku nilitafuta jibu refu la kuficha lile fupi. Barabarani nilikuwa naogopa swali moja tu, na jibu lake lilikuwa la kweli. Halikuwa hata refu.

Guka alifika asubuhi na mapema, mbuzi wake akiwa amewaacha sokoni kwa mwenzake. Alikaa kwenye kigoda changu, chai mkononi, na kwenye paja lake kamba nzuri ya ngozi ya ng'ombe, iliyosukwa kwa mkono. Mbwa alimbwekea bila kupumzika. Guka alimsikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya.

"Sauti anayo," alisema akiridhika. "Fisi watamsikia."

Cucu alikoroga chungu kisichohitaji kukorogwa. Hakunitazama. Nilikuwa nimevaa nguo ya kawaida, ya kulimia, na viatu vya mpira.

"Guka, naomba hiyo kamba."

"Acha, mjukuu wangu, nitamfunga mwenyewe."

"Haendi, Guka. Nitatembea naye kila asubuhi, na akirudi atalala, na dada wa pale naye atalala. Nitafanya hivyo hadi niitwe kazini. Nikiitwa, nitaenda naye."

Guka alicheka kile kicheko chake cha ghafla, akamgeukia dada yake. Cucu aliacha mwiko chunguni.

"Utatembea naye wapi?" aliniuliza.

"Barabarani."

"Leo siku ya soko? Watu wote hawa? Na wakikuuliza?"

"Nitawaambia tunatembea."

Alitazama viatu vyangu vya mpira. Nadhani alikuwa anawaza juu ya wale mbuzi wawili. Kisha akatazama dirisha lenye blanketi, ng'ambo ya ua.

"Mpe kamba," alimwambia kaka yake.

Guka aliitoa taratibu, kama anayempa mtoto kisu. Nilifungua kibanda. Mbwa alinyamaza palepale alipoiona kamba, akakaa, akangoja nimfunge, mwili wote ukitetemeka kwa furaha kuanzia mkiani. Nilifungua geti. Barabara ilikuwa imejaa, mikokoteni na magunia na watu wa kanisa letu wote, na kwenye kona ya kwanza yule mama wa ndizi aliinua mkono kuzuia jua ili atuone vizuri.

"Mwalimu, sindano tena?"

"Hapana, mama," nilisema. "Tunatembea tu."

"Mnaenda wapi?"

"Popote. Halafu turudi."

Akamtazama mbwa, akanitazama mimi, nasi tukampita.